Ruta kuukuu inayoandika daftari la umeme dukani kwa dada

Ruta ninayoizungumzia ni TP-Link TL-WDR3600, nyeusi, yenye antena mbili, ambayo ilistaafu nyumbani kwangu Morogoro siku tulipounganishiwa intaneti ya waya na mafundi wakaja na kifaa chao. Ilikaa kabatini zaidi ya miaka miwili, chini ya rundo la kebo na chaja za simu ambazo hakuna aliyekumbuka ni za simu gani. Niliitoa nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, nikaigeuza ili nisome karatasi iliyobandikwa tumboni mwake, nikajiona mzembe: nilikuwa nimeifungia gizani kompyuta nzima, huku dada yangu, mwenye duka la steshenari karibu na stendi, akiniuliza kila wiki ni lini nitamtafutia kompyuta ya bei nafuu ya kukaa imewashwa muda wote.

Neno kompyuta silitumii hapa kwa kutia chumvi. Ndani ya WDR3600 mna prosesa ya Atheros AR9344 ya jamii ya MIPS inayokwenda kwa megahezi 560, kumbukumbu ya megabaiti 128, hifadhi ya kudumu ya megabaiti 8, matundu mawili ya USB 2.0 na matundu matano ya kebo ya mtandao yenye kasi ya gigabiti. Raspberry Pi ya kwanza, ile kompyuta ndogo ya bao moja iliyotoka Februari 2012 na kushangiliwa kila mahali kwa bei yake ya dola 35, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 na prosesa ya megahezi 700. Ruta yangu ni nusu yake kwa kumbukumbu, lakini imeizidi kwa mtandao, kwa kuwa Pi ile ilipitisha mtandao wake ndani ya USB na kuishia megabiti 100; tena ina boksi lake, na nilikuwa nimeshailipia zamani. Kinachokosekana ni skrini. Huna pa kuchomeka skrini wala kibodi. Unazungumza nayo kwa maandishi, kupitia SSH (njia ya kutuma amri kwa usiri mtandaoni), kutoka kwenye kompyuta nyingine, na mtu asiyestahimili kuandika amri ataichoka mapema.

Kwamba tunaweza kufanya haya leo ni matokeo ya mvutano wa leseni uliotokea Marekani zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mwishoni mwa 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iliyoitwa WRT54G, na mwaka uliofuata Cisco ikainunua Linksys. Wataalamu waliokuwa wakiichunguza ruta hiyo waligundua kwamba inaendeshwa na Linux, mfumo endeshi ulio chini ya leseni ya GPL: yeyote anaruhusiwa kuitumia bila malipo, lakini anayeisambaza hana budi kutoa na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Msimbo ukatolewa mwaka huohuo wa 2003, na juu yake ukajengwa mradi wa OpenWrt, mfumo endeshi huru wa ruta ulioanza Januari 2004, ambao herufi zake tatu za mwisho zimetokana na jina la ruta ile. Baadaye toleo la tano la WRT54G lilipunguziwa kumbukumbu hadi megabaiti 8 na hifadhi hadi megabaiti 2, likaacha Linux na kuendeshwa na mfumo mwingine, VxWorks. Kwa wale waliolalamika ikatolewa WRT54GL mwaka 2005, iliyobaki na Linux yake. Sijapata kuiona WRT54GL kwa macho, lakini kila ninapoingia kwenye ruta ya dada huwa naikumbuka kama mtu anavyomkumbuka babu wa ukoo asiyewahi kukutana naye.

Hadithi hiyo ya toleo la tano ina faida kwa yeyote anayetaka kujaribu: usiangalie jina la ruta peke yake, angalia na namba ya toleo iliyo kwenye karatasi ya chini. Wengi walioanza intaneti kwa modemu ya USB wanaikumbuka ruta ya TL-MR3420. Matoleo yake ya kwanza na ya pili yana hifadhi ya megabaiti 4 na kumbukumbu ya megabaiti 32. Toleo la tano lina prosesa ya kampuni nyingine kabisa, MediaTek, hifadhi ya megabaiti 8 na kumbukumbu ya megabaiti 64. Kwa nje ni ndugu, kwa ndani hawajuani, na ukichukua programu iliyotengenezwa kwa toleo moja ukaiweka kwenye jingine utabaki na kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Vifaa vya 4 kwa 32 vilitengenezewa programu rasmi ya OpenWrt kwa mara ya mwisho katika toleo la 19.07, na hata hapo vilikuwa vinahema. Mimi naona asiye na megabaiti 8 za hifadhi, 64 za kumbukumbu na angalau tundu moja la USB asijisumbue. Na kifaa ulichokabidhiwa na kampuni ya intaneti kiache kama kilivyo; mara nyingi si mali yako, na mara nyingi kimefungwa.

Kuiweka OpenWrt kwenye WDR3600 kuliisha kabla chai haijachemka. Niliunganisha kompyuta mpakato kwa kebo, nikafungua ukurasa wa mipangilio wa mtengenezaji, nikaenda sehemu ya kusasisha, nikaipa faili la OpenWrt lenye neno "factory" katika jina lake, nikakaa mikono juu ya magoti hadi taa zilipotulia. Ruta ikaamka katika anwani 192.168.1.1, Wi-Fi ikiwa imezimwa, maana OpenWrt huizima makusudi mpaka mwenyewe uiwashe. Jambo la kwanza baada ya hapo ni kuweka nenosiri. La pili ni kuiachisha kazi ya ruta: niliiacha Wi-Fi ikiwa imezimwa, nikazima huduma ya kugawa anwani, nikaiagiza iombe anwani yake kutoka kwa kifaa kikuu cha dukani kama kompyuta nyingine yoyote.

Hapo ndipo nilipojifungia nje. Nilikosea neno moja katika faili la mipangilio ya mtandao, nikaizima na kuiwasha, na ruta haikujibu tena anwani yoyote. Zamani ningeitupa. Lakini OpenWrt imepangwa kwa namna ambayo inasamehe: mfumo wenyewe umefungashwa katika sehemu isiyoandikika, na kila unachobadilisha huandikwa katika tabaka lililolazwa juu yake, kama vile ramani ya ukutani iliyofunikwa kwa plastiki angavu, ambapo unachora na kufuta juu ya plastiki bila kuigusa ramani. Ukibonyeza kitufe wakati taa ya mfumo inapoanza kumeta katika sekunde za mwanzo za kuwaka, ruta huwaka bila lile tabaka la juu, katika 192.168.1.1 na bila nenosiri. Niliingia, nikaandika mount_root ili tabaka langu lirudi, nikasahihisha neno, nikatoka. Kama ningekuwa sijui nilikokosea, amri ya firstboot ingefuta tabaka lote na kunirudisha siku ya kwanza.

Tatizo linalofuata ni nafasi. Megabaiti 8 zikishabeba mfumo, kwangu zilibaki chini ya 2, na programu mbili tatu tu zinazimaliza. Dawa yake inaitwa extroot: lile tabaka la juu linahamishwa kutoka hifadhi ya ndani na kuwekwa kwenye flashi ya USB, na kuanzia hapo ruta inajiona ina gigabaiti 16, au kiasi chochote ulichochomeka. Zinahitajika programu chache za kuiwezesha kusoma USB na mpangilio wa ext4, kisha unainakili sehemu ya /overlay kwenye flashi, unaitaja flashi hiyo katika /etc/config/fstab, unawasha upya. Flashi ya bei ya chini kabisa usiitumie. Ya kwanza niliyoweka ilikufa baada ya wiki chache, nikajifunza kutenga nakala ya mipangilio yangu pembeni. Usithubutu pia kuamuru programu zote zilizokuja na mfumo zisasishwe kwa mkupuo kama mtu anavyofanya kwenye Debian, mfumo wa Linux wa kompyuta za kawaida. Zile za ndani hazifutiki, mpya zinarundikana juu yake, na mwisho wake si mzuri.

Baada ya hapo nikaipeleka dukani. Dada aliitazama, akaitazama tena. "Mdogo wangu, si ndicho kile kidude kilichokuwa kwako kabatini?" Nikamwambia ndicho. Kazi yake ya kwanza ilikuwa printa. Dada ana kompyuta mbili na printa moja ya leza, na kwa miaka mitatu kebo ya printa ilikuwa ikihamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine mara kumi kwa siku, hadi tundu la USB la kompyuta ya pili likalegea. Programu ndogo iitwayo p910nd huichukua printa iliyochomekwa kwenye ruta na kuiweka kwenye mtandao katika mlango namba 9100. Yenyewe haitafsiri chochote, inapokea tu kutoka kwa kompyuta na kumimina kwenye printa, ndiyo maana inatosha katika kumbukumbu ndogo kiasi kile. Printa ya dada ilikuwa ya ile aina inayosahau programu yake ya ndani kila inapozimwa na kusubiri ilishwe upya na kompyuta. Nililazimika kuliweka faili la programu hiyo kwenye flashi na kuandika skripti (orodha fupi ya amri) ya mistari minne inayoimiminia printa kila inapowashwa.

Kazi ya pili ni kuhifadhi mafaili ya wateja: barua, wasifu wa waombaji kazi, mitihani ya walimu, kadi za harusi. Hapa pana kikomo kinachoonekana. Nikinakili kupitia SSH, prosesa ile inahangaika na usimbaji na mwendo haufiki megabaiti 5 kwa sekunde; nikitumia rsync, programu ya kunakili mafaili, bila usimbaji ndani ya mtandao wa duka, inapumua. Kwa duka linalozalisha mafaili ya maandishi hakuna aliyelalamika. Anayehifadhi video za harusi angelalamika siku ya kwanza.

Kazi ya tatu haikupangwa na mtu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Ruta haina saa. Kompyuta ya kawaida ina betri ndogo kama kifungo inayoiweka saa hai hata umeme ukikatika. Ruta haina, na kila inapozimwa husahau ni lini. OpenWrt inajitahidi kwa ujanja mmoja: mwanzoni kabisa mwa kuwaka, hutafuta faili lililobadilishwa mwisho ndani ya /etc, folda ya mipangilio, na kujipa tarehe ya faili hilo, angalau isijidhanie iko mwaka 1970. Kisha intaneti ikipatikana, huuliza saa sahihi kutoka nje na kujirekebisha. Kati ya nyakati hizo mbili ruta inaishi zamani, na kumbukumbu zote inazoandika ni za uongo. Nilikerwa na jambo hilo kwa siku kadhaa, nikitafuta moduli ya saa ya kuchomeka, hadi siku moja umeme ulipokatika dukani nikiwa nimekaa na dada na akasema, kama anavyosema kila mara, kwamba laiti angekuwa na daftari la kuandika umeme unakatika lini na unarudi lini, angejua kazi gani azikubali na zipi azikatae.

Nikaona kwamba ruta tayari inajua. Kama kila dakika inagusa faili moja, basi tarehe ya faili hilo ni dakika ya mwisho ilipokuwa hai. Saa sahihi ikishapatikana, unaijua sasa. Ukitoa kutoka kwenye sasa muda ambao ruta imekuwa imewaka, ambao Linux huuhesabu katika /proc/uptime bila kuhitaji saa ya ukutani, unapata dakika umeme uliporudi. Tofauti ya dakika hizo mbili ndiyo urefu wa giza. Na OpenWrt huendesha skripti zilizowekwa ndani ya /etc/hotplug.d/ntp saa inaporekebishwa, kwa hiyo hata wa kuikumbusha hahitajiki. Skripti nzima ilikuwa mistari 14.

Siku iliyofuata daftari lilisema umeme ulikatika kwa saa 19 na dakika 3.

Ilinichukua jioni nzima kuuona upumbavu wangu. Faili la kuguswa kila dakika nilikuwa nimeliweka kwenye folda ya mafaili ya wateja, nje ya /etc. Ruta ilipowaka, ilijipa tarehe ya faili la mwisho ndani ya /etc, ambalo nililihariri saa 19 kabla. Kisha, kabla intaneti haijarudi, ile kazi ya kila dakika ikaamka kwa uaminifu wake wote na kuligusa faili langu kwa tarehe hiyo ya zamani, ikifuta alama ya kweli. Marekebisho yalikuwa mawili. Nililihamishia faili ndani ya /etc, ambayo kwa sababu ya extroot iko kwenye flashi na haiichoshi hifadhi ya ndani. Na nikaandika skripti ya kuwasha inayoiweka pembeni nakala ya alama kabla ya kitu kingine chochote kuigusa. Katika foleni ya kuwaka ya OpenWrt, huduma ya kazi za kila dakika huanza kwa namba 50, basi yangu nikaipa 49.

Kosa la pili lilikuwa zuri zaidi. Ruta huja ikiwa katika saa za UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, na saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa 3. Katika mfumo huu zinaandikwa EAT-3, kwa alama ya kutoa, kwa sababu kanuni yake inahesabu kinyume cha unavyotarajia: inauliza ni saa ngapi uongeze ili ufike UTC. Mimi niliisahau ile alama nikaandika EAT3. Ruta ikawa nyuma ya UTC kwa saa 3 badala ya kuwa mbele, yaani nyuma yetu kwa saa 6 kamili. Nilipofika dukani kuomba radhi, nikamkuta dada ameshalisoma daftari na ameridhika. Umeme ulikatika saa nne na dakika 14 asubuhi, na kwenye karatasi imeandikwa 04:14. "Sasa kuna kosa gani hapo?" Hakuna. Bila kukusudia nilikuwa nimeifundisha ruta kusoma saa kwa Kiswahili. Niliiacha hivyohivyo, nikabadilisha tu namna ya kuandika ili isipite 12, na nikaongeza neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Wiki ya tatu daftari likaanza kuandika mambo ambayo hayakutokea. Alasiri moja liliandika kukatika mara 11, kila mara kwa dakika isiyotimia, na dada akaapa kwamba taa hazikupepesa hata kidogo. Nilidhani ni skripti. Niliisoma, nikaiandika upya, nikaisoma tena. Kisha nikagundua kwamba kila kukatika kulitokea wakati mtu ananakili mafaili, yaani flashi inapofanya kazi. Adapta asili ya ruta, ya volti 12 na ampea 1.5, ilikuwa imeshahamishiwa kwenye kifaa kingine zamani, na niliyokuwa nikitumia niliiokota kwenye lile rundo la kabatini. Fundi wa redio jirani na duka aliipima ikiwa haijachomekwa popote: volti 12 na ushee. Akaiunganisha na ruta, akaniambia ninakili faili, akanigeuzia mita. Ilishuka hadi 9, ikapanda, ikashuka. "Kaka, hii imechoka. Ikiwa haina mzigo inajisifu tu." Tukaweka nyingine, na umeme wa uongo ukakoma. Tangu siku hiyo, mtu akinieleza kwamba ruta yake kuukuu inajizima ovyo, namuuliza adapta kabla ya kumuuliza programu.

Kwa matumizi ya umeme, mita ninayochomeka ukutani inasoma wati 4 hadi 5 ikiwa na flashi na printa, bila Wi-Fi. Tuseme 5: kwa siku ni wati-saa 120, kwa mwezi uniti 3.6. Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 60, ambayo ndiyo dada aliyokuwa akiifikiria, ingekula uniti 43 kwa kazi hiyohiyo. Na kwa sababu ruta inataka volti 12, ni rafiki wa betri: betri ya ampea-saa 7, ile ya king'ora, ukitumia nusu yake tu ili usiiue, inaibeba kwa takriban saa 8. Anayetaka kuiunganisha na betri ya sola aweke kidhibiti cha volti katikati, kwa kuwa betri inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Watu watatu wameshanishauri niiwekee ya dada betri. Nimekataa, maana ikiwa na betri haitazimika, na kuzimika kwake ndiko kunakoandika daftari.

Yapo mambo ambayo nimejaribu na kushindwa, na ni vyema mwenye hamu ayajue. Prosesa hii haina sehemu ya kukokotoa desimali, kwa hiyo hesabu za namna hiyo zinaigizwa kwa programu na zinakwenda kwa kujikokota. Lugha ya Python inakubali kusakinishwa, lakini kuianzisha tu unasubiri sekunde kadhaa. Aidha, inapanga baiti zake kuanzia kubwa, tofauti na karibu kompyuta zote unazozigusa leo, hivyo programu zilizotengenezwa kwa MIPS ya mpangilio mwingine hazikubali hata kuanza. Nilikuwa na ndoto ya kuweka Debian kamili ndani ya flashi, lakini Debian 10 ndiyo ya mwisho iliyoihudumia MIPS ya aina hii. Kuanzia Debian 11, iliyotoka 2021, imeachwa. Kilichofaulu ni lugha ya Go. Unaandika programu kwenye kompyuta yako ya kawaida, unaitafsiri kwa

GOOS=linux GOARCH=mips GOMIPS=softfloat go build

kisha unainakili faili moja kwenye ruta na linafanya kazi bila kudai kitu kingine. Ukurasa mdogo unaoonyesha daftari la umeme kwenye simu ya dada nimeuandika hivyo, nao unatumia kumbukumbu kidogo kuliko nilivyohofia.

Kuhusu usalama sina mengi. Ruta ile haifikiki kutoka nje ya duka, na sitaifungulia. Nikitaka kuiangalia napita dukani, jambo ambalo lina faida nyingine, kwa kuwa dada hukaanga mihogo saa kumi.

Siku hizi analitumia daftari kwa namna ambayo sikuitarajia. Amechapa kurasa za miezi miwili, akazipiga mstari kwa kalamu nyekundu, na mwalimu akileta mtihani wa nakala 300 siku ya Alhamisi jioni anamwambia ailete asubuhi. Jumanne iliyopita alinipigia simu kulalamika kwamba umeme ulikatika tangu saa nne kasorobo, umesharudi, na daftari halijaandika kitu. Nilipita nikakuta kifaa kikuu cha dukani hakijapata intaneti, na bila intaneti ruta haina pa kuulizia saa, kwa hiyo imeishikilia alama yake na kunyamaza. Tulikaa tukala mihogo. Intaneti ilirudi baada ya muda mrefu, dada akaupakua tena ukurasa kwenye simu yake, na mstari ulikuwa umeshajiandika: kuanzia 03:46 asubuhi hadi 04:38, dakika 52.